Dumu la Maji

Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile hakuna aliyewahi kumwona msimamizi amekaa. Kiti alikuwa nacho, tena cha mgongo mzuri, kando ya mlango, lakini kazi ya kiti hicho ilikuwa kubeba koti lake. Mwenyewe alizunguka tangu saa moja asubuhi: mara yuko kwenye mashine za kufua, mara kwenye rola la kupigia pasi mashuka, mara kwenye lifti ya mizigo anakagua toroli zilizoshuka kutoka vyumbani. Ukimwuliza jambo alikujibu huku anaondoka. "Dakika mbili," alisema, na hapo umemkosa. Wafanyakazi wakamwita Bi Dakika, mwanzoni kisirisiri, baadaye usoni kabisa, naye hakukasirika kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kukasirika.

Aliyesimama kwenye rola alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Huyu walimwita Santuri, maana hadithi moja aliweza kuipiga mara kumi na watu wakacheka kila mara, tena palepale walipocheka jana. Bi Dakika ndiye aliyemwombea kazi miaka minne iliyopita, akamwambia meneja kwa kinywa chake kwamba huyu ni mtu wa kazi. Na alikuwa mtu wa kazi kweli. Shuka lililopita mikononi mwake lilitoka limenyooka hata ungeogopa kulilalia.

Lakini sasa ilikuwa imefika mahali Bi Dakika hawezi tena kumtazama wifi yake usoni.

Mambo yalianza miezi mitano nyuma, siku ya wageni wa mkutano, pale mashuka ya ghorofa nne yalipotakiwa juu kabla ya saa nane mchana. Nyuma ya mashine za kufua kulikuwa na stoo ndogo ya dawa. Humo klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ilimiminwa kwenye ndoo iliyokuwa na mabaki ya dawa ya kutoa kutu. Dawa hizo mbili hazipatani hata kidogo. Zikikutana hutoa hewa chungu inayokwangua koo kama wembe. Santuri alikuwa ameingia kuchukua kitambaa cha kufutia rola, na mlango ukajifunga nyuma yake. Walipomtoa, macho yalikuwa yanamtiririka na kikohozi kinamkunja mpaka akatapika. Alilazwa siku tatu. Alipotoka alitoka na pampu ya pumu mkobani, yeye ambaye hata utotoni hakuwahi kuugua kifua.

Hoteli ilichukua hatua. Klorini ikafutwa kabisa, ikaletwa dawa nyingine isiyo na harufu, na feni kubwa ya kutolea hewa ikafungwa ukutani. Yale madumu ya bluu ya klorini yalioshwa yakawa ya kuwekea sabuni. Ripoti iliandikwa kwamba dawa zilichanganywa kwa bahati mbaya na mfanyakazi ambaye hakufahamika, meneja akaweka sahihi, faili likafungwa. Santuri akapumzika wiki chache nyumbani, kisha zahanati ya jirani ikamruhusu kurudi.

Wiki ya kwanza ilikwenda salama. Wiki ya pili Kapteni, mzee mpole aliyeendesha mashine za kufua, alipita karibu na rola akibiringisha dumu la bluu. Ndani mlikuwa na sabuni tu, sabuni ileile waliyonawia mikono. Santuri alilitazama dumu, akaacha shuka, akashika ukingo wa meza. Mabega yakapanda mpaka masikioni. Pumzi ikaanza kumtoka kwa mluzi mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwa mrija wa soda. Alipiga pampu mara mbili, akakaa robo saa, akarudi kazini akiwa na haya.

Tangu hapo ikawa ndiyo hali. Dumu likipita, kifua kinabana. Bawaba za mlango wa stoo zikilia, kifua kinabana. Siku moja wakati wa chai mtu alitaja tu neno klorini, wala hakuwa akimsema yeye, Santuri akaingiza mkono mkobani kutafuta pampu.

Midomo ya watu haina mlango. Wakaanza kuulizana anaugua nini wakati dawa yenyewe haipo tena jengoni. Mmoja akasema ugonjwa huo una akili, unajua ratiba ya toroli nzito. Mwingine alijificha nyuma ya mashine ya kukaushia akaigiza ule mluzi, mkono kifuani, macho juu, watu wakavunjika mbavu. Bi Dakika alipita palepale, akasikia, akavaa miwani ya mbao akaenda zake.

Kisha meneja akamwita. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake zilingane vichwa kabla ya kuanza kusema. Alimwambia kwamba rola linasimama mara tatu kwa wiki na ghorofa za juu zinalalamika. Kama mama yule ni mgonjwa, alete karatasi ya daktari inayoeleza ni kitu gani kinachomdhuru humo ndani. Kama si mgonjwa, basi msimamizi anajua la kufanya.

"Wewe ndiye uliyemleta," alisema, akiisogeza kalamu moja. "Nataka kujua ni ugonjwa au ni mchezo."

Bi Dakika alitoka ofisini mwendo wa kukimbia. Jumapili ile hakutulia nyumbani kwake. Aliosha vikombe vilivyokuwa safi, akakunja nguo zilizokunjwa, akasimama dirishani, akaondoka dirishani, hatimaye akavaa viatu akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta Santuri barazani anapepeta mtama kwenye ungo, anapiga hadithi ya mgeni wa hoteli aliyefungiwa bafuni, na watoto wa jirani wanabingirika kwa kicheko. Kifua kilikuwa kimya. Vumbi la mtama lilipepea usoni pake, naye hata chafya hakupiga. Bi Dakika alikaa dakika kumi, akakataa chai, akaondoka. Njiani alikuwa akijisemea kwa sauti kama mtu aliyegombana. Mbona nyumbani hashikwi? Mbona anashikwa penye kazi tu?

Wazo lilimjia akiwa anavuka barabara, na lilipomjia lilimfurahisha kwa namna ambayo baadaye aliona aibu kuikumbuka.

Jumatano, saa nne kasorobo, kabla ya chai, alichukua dumu moja la bluu akaenda nalo kwenye sinki la nyuma. Akalisuuza mara tatu. Akalijaza maji ya bomba, akachota kwa kiganja akanywa, ahakikishe hayana hata ladha. Kisha akatoa kwenye droo karatasi ya zamani iliyobaki, yenye fuvu jekundu na jina la klorini, akaibandika ubavuni. Kapteni alimwona akibandika. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu, halafu akaufunga, akarudi kwenye mashine zake. Bi Dakika akalibiringisha dumu mpaka mbele ya rola, akalisimamisha, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba ile dawa mpya imekwisha, leo wameletewa ya zamani, watu wavumilie. Akafungua kifuniko.

Santuri aliliona fuvu. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga toroli. Mluzi ukaanza.

Ndani ya Bi Dakika kitu kiliruka kwa ushindi. Nimekukamata, moyo wake ulisema. Alichukua kikombe cha chai kilichokuwa mezani, akakichovya ndani ya dumu, akakinyanyua watu wote waone, akanywa mpaka chini.

"Ni maji, wifi," alisema. "Tazama, nimekunywa. Ni maji ya bomba."

Alikuwa amejiandalia yatakayofuata. Santuri angeinamisha kichwa, mluzi ungekatika ghafla kama redio iliyozimwa, watu wangeguna, na wao wawili wangeyamaliza nyumbani, kifamilia. Santuri alimtazama kweli, akatazama kikombe, na usoni pake ilionekana wazi kwamba ameelewa. Lakini mluzi haukukatika. Ulizidi kuwa mwembamba. Alipiga pampu, akapiga tena, akapiga mara ya tatu na ya nne. Shimo la chini ya koo lilikuwa linazama kila akivuta. Alijaribu kusema neno likatoka nusu. Halafu mluzi wenyewe ukafifia, na Bi Dakika, ambaye alikuwa hajui kitu kuhusu vifua, alijua tu kwamba ukimya ule haukuwa wa nafuu. Midomo ya wifi yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Kapteni alimfikia kwanza. Alimbeba mgongoni kama mtoto, umri wake wote ule, mpaka kwenye gari la hoteli. Bi Dakika aliingia nyuma na kikombe bado kikiwa mkononi.

Hospitalini walipokelewa mbiombio. Daktari wa kifua alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mikono ya koti imekunjwa, anayeongea haraka lakini bila papara. Oksijeni iliwekwa, sindano ikachomwa, mashine ya mvuke ikaanza kunguruma na kumpulizia Santuri dawa kupitia kinyago cha plastiki. Katikati ya hayo mlango ukasukumwa, akaingia mdogo wake Bi Dakika, fundi wa kuchomelea vyuma, na shati lake la kazi lenye vitobo vya cheche. Kapteni alikuwa amempigia simu.

"Amevuta nini?" daktari aliuliza bila kugeuka. "Nahitaji kujua ni dawa gani, niijue sumu ninayopambana nayo."

Bi Dakika alitazama ukuta. Aliona kwamba akisema klorini watamtibu kwa kitu asichokuwa nacho. Akisema hajui, itakuwa vilevile. Na ndugu yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Maji," alisema.

"Maji gani?"

"Maji ya bomba. Niliyatia kwenye dumu la klorini nikabandika karatasi. Nilitaka kuona kama anajifanya."

Alidhani daktari atacheka au atafoka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama mara moja, akamgeukia muuguzi, akamwambia kwamba sumu haipo, hii ni pumu yenyewe, wamwongezee kwenye mvuke dawa ya pili ya kufungulia mirija. Kisha akarudi kusikiliza mgongo wa mgonjwa. Ndugu yake Bi Dakika aligeuka. Alitoka nje ya mlango, akasimama na paji la uso likiwa limegusa ukuta wa ukumbi.

Ilichukua saa mbili na zaidi hali kutulia. Bi Dakika alizipitisha akitembea ukumbini kutoka kwenye mizani ya watoto mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, hata mfagiaji akamwomba amwache amalize kipande kile kwanza. Daktari alipotoka alimwonyesha benchi. Bi Dakika akakaa, akainuka, akakaa tena.

"Daktari, niambie ukweli. Alikuwa anaigiza au la?"

"Mirija yake ya hewa ilikuwa imefungwa. Nimeisikiliza kwa masikio yangu, na mashine ya kidoleni imeonyesha hewa imepungua kwenye damu. Hilo haliigizwi."

"Lakini yalikuwa maji. Na yeye alijua ni maji, alinitazama nikiyanywa."

Daktari alikaa kando yake. Alimweleza kwamba kuta za mirija ya hewa zimejaa neva ndogondogo, walinzi wa kuhisi moshi na vumbi. Za Santuri ziliungua siku ile ya stoo. Zimepona, lakini zimebaki nyepesi mno, jambo dogo zinalipokea kama kubwa. Zikishtuka hupeleka habari chini ya ubongo, hapa, na akajigusa kisogoni. Kutoka hapa amri inashuka kwa mshipa mrefu wa fahamu, akateremsha kidole ubavuni mwa shingo mpaka kifuani, inafika kwenye misuli inayoizunguka mirija na kuiambia ibane. Misuli inabana, ute unamwagika, njia inakuwa nyembamba. Dawa ile ya pili ya mvuke kazi yake ni kusimama hapo mwishoni, kati ya mshipa na msuli, amri isifike.

"Hiyo nimeelewa kama kuna moshi," Bi Dakika alisema. "Pale hapakuwa na moshi."

"Palikuwa na dumu. Nikikutajia limau lililokatwa, lina chumvi juu yake, mdomoni mwako kunatokea nini?"

Bi Dakika alimeza mate kabla hajajizuia.

"Limau liko wapi?" daktari aliuliza. "Hiyo hukuiagiza wewe, wala hukuweza kuikatalia. Macho yana njia yao ya kufika palepale kisogoni. Mwili wake ulijifunza kwamba dumu la bluu maana yake ni kukosa hewa, na ukajifunza mara moja tu, kwa sababu siku hiyo alikaribia kufa. Sasa ukimwonyesha dumu, amri inashuka kabla hajawaza. Akija kuwaza kwamba ni maji, misuli imeshabana."

"Kwa hiyo ni woga."

"Mtu mwenye kifua kizima akiogopa lile dumu atatetemeka, moyo utamwenda mbio, basi. Mirija yake haitafunga. Huyu ana pumu. Ndani ya mirija mmevimba, na zahanati ilimpa pampu ya kufungulia tu, haikumpa ya kutibu uvimbe kila siku. Mumewe ananiambia anakohoa kila alfajiri. Mlikuwa mnajua?"

Bi Dakika hakuwa akijua. Aliwahi kukaa barazani pao dakika kumi, akaona zinatosha kumhukumu mtu.

Aliinuka akatoka nje. Akaizunguka hospitali, upande wa jenereta, upande wa kamba za nguo, upande wa geti, akaizunguka tena. Kitu alichokuwa akikikimbia kwa miezi mitano kilikuwa kimemfikia, na sasa hakikuwa na haraka yoyote. Siku ile ya wageni wa mkutano Kapteni ndiye aliyesimama na ndoo mlangoni mwa stoo. Alikuwa amesema ndoo hii ilikuwa na dawa ya kutu, ngoja niisuuze. Na yeye Bi Dakika, akipita mbio na orodha mkononi, alimjibu mimina tu, hatuna hata hizo dakika mbili. Ripoti ya mfanyakazi asiyefahamika aliiandika yeye. Kapteni aliisoma akanyamaza.

Kama Santuri angekuwa anajifanya, basi ndoo ile haikumdhuru mtu. Ndiyo maana alilitaka sana dumu lile la maji liwe ushahidi. Alisimama karibu na kamba za nguo, kati ya mashuka ya hospitali yaliyokuwa hayajakamuliwa vizuri, akalia kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Aliporudi ndani ndugu yake alikuwa kwenye benchi.

"Dada, nenda nyumbani," alisema.

Bi Dakika akaenda.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa meneja. Alieleza yote kwa mpangilio, ndoo, ripoti, dumu, kikombe. Meneja aliacha kupanga kalamu. Alimkumbusha kwamba faili lile lilifungwa zamani na hakuna aliyelifungua, akamwuliza kama anajua anachokifanya. Bi Dakika alisema anajua. Akatoa karatasi mbili alizoziandika kwa mkono, moja ya siku ya stoo na moja ya jana, akaziweka mezani. Meneja alizisoma mara mbili, ya pili polepole.

Wiki hiyohiyo usimamizi ulimtoka. Alipelekwa chini zaidi, kwenye chumba cha kuchambulia nguo chafu, ambako mtu husimama mahali pamoja kutwa nzima akitenga taulo na mashuka. Kwake hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko barua ya onyo. Kapteni alipewa usimamizi, akaulalamikia kila siku. Kuhusu Santuri, hoteli ilikubali kwa maandishi kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi, atibiwe na daktari yule wa kifua, na akipona vya kutosha ahamie chumba cha kushonea kilicho ghorofa ya pili, penye madirisha mawili.

Jumapili ya pili Bi Dakika alikwenda kwa ndugu yake. Mdogo wake alifungua mlango, akabaki amesimama katikati yake. Sauti ya Santuri ikatoka ndani ikisema mwache apite. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mito miwili mgongoni, amekonda shingo. Mezani palikuwa na pampu mbili na daftari la shule.

Bi Dakika alikuwa amepanga maneno ya kusema, lakini wifi yake alimtangulia.

"Nilikuona ukiyanywa," Santuri alisema. Alikuwa akisema kidogokidogo, akipumzika katikati. "Nikajua ni maji. Nikakiambia kifua ni maji, wifi anayanywa, acha. Hakikusikia. Hujui inavyotisha, wifi, kujua kitu na mwili wako wenyewe haukusikii."

"Nisamehe."

"Ngoja nimalize. Dumu halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa unatabasamu."

Bi Dakika aliinamisha uso. Kisha akamweleza ya ndoo, kwa sauti ndogo, akilitazama zulia. Alipomaliza, ndugu yake alikuwa bado yuko mlangoni.

"Ya ndoo nayajua," Santuri alisema. "Kapteni aliniambia siku ya pili nilipolazwa mara ya kwanza. Alikuja na machungwa akalia pale kitandani."

"Na hukunisema?"

"Ningekusema kwa nani? Msimamizi ulikuwa wewe." Akavuta pumzi, akaitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, jinsi alivyofundishwa. "Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Kila ukipita mbele ya rola nasema leo atasimama. Unapita. Sijakusamehe yote, usinielewe vibaya. Nimesamehe ya ndoo. Hii ya dumu bado naifikiria."

Bi Dakika alisema ni haki yake kuifikiria. Akauliza kama kuna kazi yoyote ya nyumba anayoweza kufanya. Santuri akamwambia kuna vyombo, lakini asivioshe mbio avivunje.

Matibabu yalikwenda kwa mwendo ambao Bi Dakika asingeuchagua. Asubuhi na jioni Santuri alivuta dawa ya uvimbe, kisha akapuliza kwenye bomba la kupimia pumzi na kuandika namba daftarini. Miezi miwili namba zilipanda, zikashuka kwa mafua, zikapanda tena. Kikohozi cha alfajiri kikaacha. Hapo ndipo daktari alipokubali waanze kuufundisha mwili somo jipya, hatua kwa hatua, hospitalini kwake na dawa zikiwa karibu. Kwanza picha ya dumu kwenye karatasi. Wiki iliyofuata kipande cha plastiki ya bluu. Halafu dumu zima, lakini mwisho wa ukumbi, mlango wazi. Kila mara Santuri alipuliza kwenye bomba kabla na baada, ajionee mwenyewe kwa namba ni wapi hofu inaishia na mirija inaanzia.

Bi Dakika ndiye aliyekuwa akimsindikiza, kwa kuwa zamu yake iliisha mapema na ndugu yake alikuwa na kazi ya mageti. Siku ya dumu la ukumbini alisimama kando ya wifi yake, amemshika mkono. Baada ya muda Santuri akauondoa mkono ule.

"Wifi, nenda ukakae kule nje," alisema. "Mguu wako haukai. Nahesabu mguu wako badala ya kuhesabu pumzi zangu."

Muuguzi akageuka ukutani kuficha kicheko. Bi Dakika alikwenda akakaa kwenye ngazi, akaweka mikono miwili juu ya magoti yake kuyatuliza. Ilikuwa nusu saa ndefu. Mara mbili alisikia mluzi, mwembamba, na mara zote mbili alishika nguzo ya ngazi asiinuke. Mluzi wa pili ulikatika wenyewe, bila pampu.

Haikuwa mwisho wa mambo. Mwaka ule Santuri alishikwa mara tatu nyingine, moja ikiwa barabarani kabisa, nyuma ya lori lililobeba mapipa ya bluu, na akajitibu mwenyewe kwa jinsi alivyofundishwa akafika nyumbani kwa miguu yake. Kwenye chumba cha kushonea alipendwa. Aliyekuwa akimwigiza nyuma ya mashine ya kukaushia alipanda ngazi siku moja na shati la kushonewa kifungo, akakaa muda mrefu kuliko kifungo kilivyohitaji, akashuka bila kusema alichojia. Ndugu yake Bi Dakika alianza kuongea na dada yake mwezi wa tatu tangu siku ya dumu, kuhusu bati lililokuwa linavuja, na kwa wiki kadhaa hawakuwa na mazungumzo mengine ila bati.

Mwezi wa sita wa matibabu walikwenda kliniki pamoja, wote watatu. Santuri alipuliza mara tatu, ya tatu ikapita alama ya kijani, ya kifua kizima, daktari akaizungushia kalamu. Kisha Santuri akachukua bomba jipya la karatasi, akalichomeka kwenye kipimo, akampa wifi yake naye ajaribu. Bi Dakika alisema yeye kifua chake hakina neno. Akahimizwa, akapuliza kwa nguvu zake zote, kichwa kikamzunguka, akashika meza. Mdogo wake akamvutia kiti, naye akakaa. Santuri alisoma namba, akasema si mbaya kwa mtu wa umri wake, akaiandika mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, na alikuwa ameshamgeukia daktari kuuliza tarehe ya kurudi.